Neville wa Pili

Alhamisi, 5 Desemba

Leo asubuhi nimeiba mjusi makaburini na kumpa jina la mjusi mwingine. Sijamwambia mtu yeyote, na wala sioni wa kumwambia.

Bi Nerida Trezise, jirani yetu, alikwenda Adelaide Jumamosi kubadilishiwa nyonga. Ameniachia Neville, mjusi wake mwenye ulimi wa buluu. Hapa mjini hakuna mtoto asiyemjua Neville. Bi Nerida ndiye aliyeendesha basi la shule mpaka mwisho wa mwezi uliopita, na kila Ijumaa Neville alisafiri naye, ndani ya sanduku la mbao kando ya usukani. Mguu wake wa mbele wa kushoto umepungukiwa kidole kimoja. Alikuwa mdogo kama penseli alipopanda ngazi za basi akimkimbia paka, mlango ukambana. Siku hiyohiyo Bi Nerida alimchukua kwake.

Mimi nilikaa kiti cha kwanza, nyuma ya dereva, tangu darasa la watoto wadogo mpaka nilipomaliza shule mwezi uliopita. Nilikaa pale kwa sababu sikuweza kuzungumza na wenzangu. Watu wote huniambia, "Sema basi, Tamsin, hatukuli." Bi Nerida hakuwahi kuniambia hivyo. Aliniambia tu, bila kugeuza kichwa, "Mshikie Neville sanduku, kona inakuja."

Kwa hiyo aliponiita kunionyesha kazi, nilijiona mtu. Usiku Neville analala kwenye hodhi kuukuu la kuogea, kwenye veranda ya nyuma. Ndani kuna majani makavu, kigae cha paa cha kujificha chini yake, na kibakuli cha maji. Juu kuna wavu wa waya. Asubuhi anatolewa kwenye nyasi aote jua, na mtu anakaa naye. Joto likizidi anahamishiwa kwenye sakafu ya chumba cha kufulia. Anakula yai la kuchemsha, boga lililokunwa, maua ya manjano yanayoota kwenye bomba linalovuja, na nyama kidogo ya kopo ya mbwa. Lakini anachopenda ni konokono. Huku kwetu wamejibandika kila nguzo kama vifungo vya shati, ila wakulima huwatilia sumu.

"Konokono wa uzio wa makaburi tu," alisema Bi Nerida. "Kule hakuna anayetia sumu. Waliolala kule hawajalalamika bado."

Kisha akasema, "Na usimwache nje peke yake, hata kwa dakika ya kuchemsha chai."

"Sitamwacha."

"Najua. Ndiyo maana sikumpa wifi yangu. Yule akisikia gumzo barabarani anasahau hata watoto wake."

Juzi, Jumanne, nilikuwa nimekaa naye kwenye nyasi nikasikia honi. Lilikuwa gari la Kirra, tuliyesoma naye, pamoja na wasichana wengine. Walianza kwetu, wakagonga, kisha wakaja lango la Bi Nerida wakicheka. Niliinuka, nikaingia jikoni, nikakaa sakafuni chini ya dirisha.

"Tam! Toka bwana, tunaviona viatu vyako mlangoni," aliita Kirra.

Sikutoka. Niliwasikia wakisubiri, mmoja akasema jambo, wakacheka tena, wakaondoka. Nilikaa hata baada ya hapo kwa sababu nilidhani wanaweza kurudi. Nilipotoka, Neville hakuwepo.

Nimetafuta chini ya kila kitu. Kwenye uzio wa mabati kati ya kwa Bi Nerida na kwetu kuna pembe iliyooza kwa kutu, na shimo lake linampitisha vizuri. Jana Bi Nerida ameniandikia kutoka hospitali: "Nitumie picha ya mzee wangu, nipone haraka." Sikujibu. Leo nimekwenda makaburini kuchuma konokono, kana kwamba nyumbani kuna mtu wa kuwala, nikamkuta mjusi amelala juu ya kaburi la jiwe, mistari ileile ya kahawia mgongoni, kichwa kilekile kama koleo. Nilivua kofia nikamfunika.

Nimempiga picha akiwa kwenye hodhi, kwa upande wa kulia. Bi Nerida amejibu, "Mrembo wangu."

Nimemwazima tu. Neville akirudi, huyu nitamrudisha. Sheria inakataza kumchukua mnyama wa porini bila kibali. Mimi hata vitabu vya maktaba sijawahi kuchelewesha.

Ijumaa, 6 Desemba

Hajala.

Jumapili, 8 Desemba

Nimemwekea yai, akalikanyaga. Nikinyoosha mkono anajijaza upepo, anapanua kinywa na kutoa ulimi wote, buluu kama wino, halafu anapuliza kama tairi linalotoboka. Neville alikuwa akipanda kiganja changu mwenyewe. Nimemwomba radhi. Sijui nilikuwa namwomba yupi.

Jumatatu, 9 Desemba

Amekula konokono wawili nilipogeuza mgongo.

Jumatano, 11 Desemba

Baba anaendesha lori la nafaka kutoka mashambani hadi maghalani. Msimu huu wa mavuno hutoka kabla hakujapambazuka na kurudi na vumbi la shayiri mpaka kwenye kope. Leo jua lilikuwa linazama nikasikia vishindo nyuma ya nyumba, kisha akaingia na beleshi mkononi. Hapa kila nyumba ina beleshi lake kando ya mlango wa nyuma kipindi cha joto, kwa ajili ya nyoka.

"Usitoke, Tam. Nimeua mmoja pale kwenye tangi."

"Nyoka gani?"

"Wa kahawia. Mnene huyo, unene wa mkono wangu. Alikuwa anajipenyeza kwenye nyasi ndefu, na ndala zako hizo hapo, hatua mbili. Nimempiga mpaka akatulia, nikamtupa ng'ambo ya uzio wa nyuma, kwenye mabua ya shamba lililovunwa. Kunguru watamaliza."

Alikunywa maji glasi mbili akiwa amesimama.

"Mama yako angeniuliza nini mimi?" alisema. Mama anapika kwenye kambi ya mgodi huko kaskazini na harudi mpaka Krismasi. "Nikuache peke yako, nirudi nikukute umelala pale kwenye nyasi? Hapana."

Nilimkumbatia. Alinuka dizeli na ngano. Aliniuliza kama nimeona miwani yake, halafu akajijibu mwenyewe kwamba ameiacha kwenye lori.

Alhamisi, 12 Desemba

Kunguru waliniamsha.

Nilijua kabla sijavaa viatu. Nadhani nilijua jana usiku, aliposema miwani. Niliruka uzio wa nyuma, nikatembea juu ya mabua yaliyokatwa, nikawafukuza kunguru kwa kofia.

Nyoka hana miguu. Huyu alikuwa na minne, na wa mbele wa kushoto ulikuwa na vidole pungufu.

Sitaandika alivyokuwa. Nilimfunga kwa taulo la vyombo, nikampeleka makaburini kwa baiskeli, ndani ya kapu la mbele, nikamzika chini ya uzio pale konokono wanapokuwa wengi. Ardhi ni ngumu kama saruji. Nilichimba kwa kijiko cha bustani, kwa sababu sikuweza kulishika lile beleshi.

Nimejaribu kumkasirikia baba. Nimejaribu asubuhi nzima. Angevaa miwani yake. Angetazama mara mbili. Lakini kila nikianza namwona akizitazama ndala zangu. Neville hakupitia lango wazi wala hakuibiwa. Mimi ndiye niliyemtoa nje, mimi nikaenda kukaa chini ya dirisha kwa sababu watu walikuja kunisalimia. Baba alimaliza tu.

Jioni baba amewasimulia wenzake kwenye simu. "Mnene, nakwambia. Kama huu mkono." Nilikuwa nakata vitunguu, kwa hiyo machozi hayakuulizwa.

Jumatatu, 16 Desemba

Matokeo ya mtihani yametoka. Nimefaulu vizuri kuliko nilivyotarajia. Baba amenunua pai za nyama za kutosha watu kumi, akaziweka mezani na kusema, "Kula, profesa." Kisha akaketi ananiangalia nikila, na uso wake ulikuwa na furaha tupu.

Bi Nerida akapiga simu. Upasuaji umekwenda vizuri, atakaa kwa dada yake mpaka baada ya mwaka mpya.

"Hongera, kipenzi. Nilijua. Sasa niwekee simu kwenye hodhi nimsalimie mzee."

Ningefanyaje? Nilikwenda nikaweka. Akaita, "Neville, Neville wangu," na mjusi wa makaburini akapuliza kwa nguvu zake zote.

"Amekasirika," alisema. "Nimemtelekeza. Mwambie narudi."

Jumatano, 25 Desemba

Nyuzijoto arobaini na tatu. Mama yupo. Tumekula kamba wa baharini, baridi, na tikiti. Mjusi kwenye chumba cha kufulia, mimi pia muda mwingi.

Jumapili, 29 Desemba

Anakula vizuri sasa. Boga, yai, konokono wote ninaomletea. Ameongezeka mwili. Nikipita anainua kichwa. Inaniumiza zaidi kuliko alipokuwa ananichukia.

Jumamosi, 4 Januari

Bi Nerida anarudi keshokutwa. Nataka niandike nilichokifanya leo, ili nisije nikajidanganya baadaye.

Nilichemsha mkasi mdogo wa mama wa kucha. Nilichukua dawa ya vidonda, pamba, na kitambaa. Nilimtoa mjusi, nikamviringisha kwenye kitambaa, nikaacha nje mguu wa mbele wa kushoto tu. Nilikuwa nimejisomea kwamba wanapona. Nilijiambia Neville alipona na akaishi miaka mingi kwa raha.

Hakupuliza. Alitulia. Alikilaza kichwa chake kwenye kifundo cha mkono wangu akafumba macho, kama mtu aliyeegemea dirisha la basi. Nilikishika kidole chake. Ni kidogo kuliko punje ya mchele, na kina ukucha.

Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia nikaacha. Ukweli ni kwamba baba aliita kutoka mlango wa mbele wa Bi Nerida, alikuja kuangalia bomba linalovuja kabla mwenyewe hajarudi. "Tam, kuna chai?" Nikauficha mkasi mfukoni, nikamrudisha mjusi, nikaenda kuchemsha chai. Sijui ningefanya nini kama baba asingeita. Nimekaa najiuliza na sipati jibu, na ndilo jambo linalonitisha.

Jumatatu, 6 Januari

Amerudi, na mkongojo wa miguu minne. Hawezi kuinama. Kwa hiyo ilibidi mimi nimtoe mjusi kwenye hodhi na kumwinua mpaka kifuani kwake. Nilimshika kwa mikono miwili, kiganja cha kushoto kikifunika mguu ule.

Bi Nerida alimpapasa kichwa kwa kidole kimoja. Alimtazama muda mrefu.

"Amenenepa," alisema. "Unamlisha nini wewe?"

"Konokono wa makaburini."

Hilo angalau lilikuwa kweli. Akasema ahsante. Akasema nimrudishe apumzike. Nilipomrudisha, kiganja kiliteleza kidogo.

Alisema dada yake amempa soksi za kuzuia damu kuganda, na zinambana kama za mchezaji mpira. Tukacheka wote wawili. Sijawahi kucheka vibaya hivyo.

Ijumaa, 10 Januari

Nimemfagilia, nimemlisha mjusi. Bi Nerida alikuwa kimya. Nyonga, nadhani.

Jumanne, 14 Januari

Kimya.

Jumatano, 22 Januari

Nilifika asubuhi na boga lililokunwa, nikaondoa wavu, majani yakawa yanatembea. Nilidhani ni panya. Kisha kichwa kidogo kikatokea, na ulimi mdogo wa buluu, na kikapuliza kama mkubwa.

Walikuwa kumi na mmoja.

Nilimwita Bi Nerida kwa sababu sikujua la kufanya. Alikuja na mkongojo wake, akaegemea hodhi, akatazama. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka nikamletea kiti. Baba akasikia kutoka kwetu, akaruka uzio.

"Nini? Kuna nini?"

"Neville amejifungua, Garth."

Baba akatazama ndani. Akavua kofia. "Yule Neville?"

"Miaka yote hii namwita bwana. Hajanikosoa hata siku moja."

"Na baba yao nani?"

"Usiniulize mimi. Mwanamume hajaingia humu ndani tangu marehemu Trezise, na yeye alikuwa na wivu."

Baba alicheka mpaka akakaa chini kwenye ubao wa veranda. Mimi nilikuwa nahamisha wadogo mmoja mmoja kwenye sanduku la mbao la basi, maana mijusi hawa hawatagi, huzaa, na hawalelewi na mama yao, wakizaliwa kila mtu na maisha yake. Nilikuwa nawaza: sasa atajua. Mjusi aliyekaa peke yake miaka kumi na minne hazai. Lakini Bi Nerida alifuta macho tu, akaniambia nisisahau kuwawekea maji kwenye kifuniko cha chupa, bakuli litawazamisha.

Jumamosi, 25 Januari

Mji mzima umekuja. Nadhani baba ndiye aliyesambaza. Watu waliokuwa wakipanda basi wakiwa wadogo wamekuja na watoto wao. Wanaume wa klabu ya mpira, mikono kama mihimili, wamesimama foleni kuonyeshwa mjusi mchanga, na kila mmoja anasema jambo lilelile, "Neville, ulitudanganya wote." Wanaponitazama mimi wananipongeza. Kwamba nimemlea vizuri. Kwamba nina mkono wa kulea wanyama.

Kirra alikuja pia. Safari hii sikuwa na pa kukimbilia, nilikuwa nimebeba sanduku.

"Wewe," alisema, "unajua tulikuja kukutafuta mwezi wa kumi na mbili? Kule maghalani walitaka mtu mmoja zaidi wa kupima sampuli za ngano. Nikawaambia namjua mmoja, hasemi lakini hakosei. Tumekuita mpaka koo zimekauka."

"Nilidhani..."

"Ulidhani nini?"

"Sijui. Mlikuwa mnacheka."

Kirra alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi. "Tulikuwa tunacheka kwa sababu Jess alivaa fulana kinyume," alisema. "Tam, mimi nimekaa nyuma yako kwenye basi miaka kumi na miwili. Niliwahi kukufanya nini?"

Hakuwahi kunifanya lolote. Nilipekua kichwa changu chote nikitafuta, ili Neville awe amekufa kwa sababu fulani. Sikupata.

Jumatatu, 3 Februari

Gazeti limetoka. Picha kubwa, ukurasa wa mbele, mimi nimembeba "Neville", Bi Nerida kando yangu. Mwandishi aliniuliza siri yangu ni nini. Nikasema, konokono. Wameiandika hivyo, kwa herufi kubwa. Baba ameikata picha na kuibandika kwenye friji kwa sumaku.

Nimeitazama mara nyingi. Mimi natazama chini. Mjusi anatazama kamera. Bi Nerida hatazami kamera. Ananitazama mimi.

Jumapili, 9 Februari

Nimesema.

Mchana ulikuwa wa joto lile lisilo na upepo. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya veranda nakuna boga. Bi Nerida alikuwa kwenye kiti chake, ananiangalia. Nilifungua kinywa, nikafunga. Nikafungua tena. Ndipo aliposhika mikono ya kiti, akainuka kwa taabu, akakigeuza, akakaa akiutazama uwanja, mgongo kwangu.

Nilijua anachofanya. Nilisogea nikakaa nyuma yake, kwenye ubao. Niliona kisogo chake, nywele za mvi zilizofungwa kwa mpira uleule mwekundu, jinsi nilivyokiona kila siku ya shule.

"Huyu si Neville," nikasema.

"Si yeye."

"Ulijua?"

"Tangu kwenye simu. Neville hajawahi kunipulizia maishani mwake. Na ulipomrudisha yule kwenye hodhi nikaona vidole."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alitazama mbele kana kwamba kuna barabara.

"Usidhani nilikuwa mwema," alisema. "Nilikasirika, Tamsin. Wiki zile za kwanza nilikuwa sitaki hata kukuona unaingia na ndoo yako ya konokono. Nilijua nikifungua mdomo nitakupigia kelele, na mtu akikupigia kelele wewe, ndiyo hutasema tena kwa mwaka mzima. Nikanyamaza. Halafu wale wadogo wakaja, watu wakafurahi hivi, na mimi nikaona aibu kuwaharibia. Kwa hiyo sasa tumedanganya wawili."

Nilimwambia habari ya nyasi, na Kirra, na dirisha. Nilimwambia makaburi. Nilimwambia hata mkasi. Hapo mabega yake yalipanda, akayashusha polepole.

"Ulimkata?"

"Hapana."

"Haya." Akapumua. "Na mzee wangu? Yuko wapi?"

"Amekufa. Nimemzika kwenye uzio wa makaburi."

"Aliteseka?"

"Haikuchukua muda."

"Gari?"

Ng'ambo ya uzio baba alikuwa anapalilia magugu kwenye tangi, anapiga mluzi. Tulisikia beleshi linavyogonga ardhi kavu, linaburuta, linagonga tena. Bi Nerida aligeuza kichwa kidogo tu, upande wa sauti. Nywele za kisogoni zilitikisika. Sijui alielewa nini.

"Basi," alisema. "Usiniambie zaidi ya hapo. Endelea na boga lako."

Nikaendelea. Baadaye niliona analia, bila sauti, macho mbele, mikono yote miwili kwenye mikono ya kiti.

Jumatatu, 17 Februari

Joto. Wadogo wanamaliza konokono kuliko ninavyoweza kuchuma.

Jumamosi, 1 Machi

Mvua ya kwanza jana, kidogo, ya kulaza vumbi tu. Leo tumewarudisha wote makaburini, mama na wanawe. Bi Nerida bado haruhusiwi kuendesha, kwa hiyo ilibidi kumwomba baba, na ilibidi kumwambia sababu.

"Neville alitoroka mwezi wa kumi na mbili, Garth," Bi Nerida alimwambia, kabla mimi sijapata la kusema. "Huyu ni mgeni. Tamsin alimleta ili nisife kwa huzuni na nyonga mpya."

Baba alinitazama kwenye kioo cha gari. Nilidhani atakasirika.

"Ungeniambia, mwanangu," alisema. "Ningemtafuta."

Mjusi niliyemwiba nilimweka juu ya kaburi lilelile. Alikaa kidogo kwenye kiganja changu, halafu akateremka bila haraka, mkia wake mzima ukipita juu ya vidole vyangu. Wadogo walitawanyika kama maji. Bi Nerida alitembea na mkongojo wake mpaka kwenye uzio, akasimama pale udongo ulipobonyea, akachuma konokono mmoja kwenye nguzo, akamweka chini. Baba alidhani anapumzika.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi sasa kuna ubaridi. Wiki ijayo naanza kazi maghalani. Kirra amenisemea tena, na safari hii nilikwenda mwenyewe mpaka kwenye dirisha la ofisi yao na kusema jina langu.

Lakini nataka kuandika habari ya baba.

Tangu siku ile ya makaburi, baba anamtafuta Neville. Ameweka kigae cha paa kwenye nyasi karibu na tangi, na kila jioni anaweka yai la kuchemsha kwenye kisahani, analimenya mwenyewe. Anasema wanyama hawa hawaendi mbali, hukaa uwanja mmoja miaka mingi. Amevaa miwani yake. Anatembea polepole, anafunua kila bati, anaita "Neville, njoo mzee," kwa sauti anayoitumia kwa watoto.

Siku ya kwanza yai lilibaki. Siku ya pili lilibaki. Niliona jinsi alivyolitazama, akarudi ndani, akakaa mbele ya chai yake mpaka ikapoa. Siku ya tatu niliamka kabla yake, nikalichukua yai, nikawatupia kunguru ng'ambo ya uzio.

"Tam," aliita. "Tam, njoo uone. Amelila. Yupo."

Tangu hapo huliondoa mimi, kila asubuhi. Nimemwambia Bi Nerida mambo mengi, lakini hili sijamwambia.

Jana jioni tulisimama pamoja pale kwenye tangi, baba na mimi, kisahani kikiwa katikati yetu. Alikuwa ameegemea beleshi. Alinizungushia mkono begani.

"Unajua ninachomshukuru Mungu?" alisema. "Kwamba nilimwahi yule nyoka. Angekutana na Neville hapa, angemmeza."

Nikasema ndiyo. Nikasema ni kweli, baba.

Wewe unayesoma, sijui ni nani, wala umeyapata wapi haya. Kama unatufahamu, kama uliwahi kupanda lile basi, kama utapita kwetu ukamkuta mzee mwenye miwani amepiga magoti karibu na tangi akimenya yai, msalimie. Muulize habari za mavuno. Akikuambia Neville yuko hai, mwambie unafurahi kusikia. Hayo mengine nakuomba ubaki nayo wewe.